Kabla ya Kamera Kulikuwa na Kazi Nyingine

Kazi yangu katika usaili wa waigizaji ni kusoma. Nakaa ubavuni mwa kamera na kurasa za skripti mkononi, na kila mwanamke anayeingia namsomea maneno ya mhusika wa pili ili apate mtu wa kujibizana naye. Nimekuwa mume, mama mkwe, askari, mtoto anayelilia shule. Watakaotazama video ile baadaye hawanioni, wanasikia sauti tu. Lakini hakuna anayemwona mwigizaji kwa karibu kuliko mimi, kwa sababu macho yake yananitazama mimi. Na katika miaka yote ya kutazamwa hivyo kuna jambo limeniingia taratibu hadi likawa imani: ukitaka kumjua mwigizaji wa kike, usianze kwa kumuuliza amesomea wapi. Muulize alikuwa akifanya kazi gani kabla ya hii, na ni nini kilimtoa huko.

Nilianza kuuliza baada ya usaili wa tamthilia moja ya hospitali. Kipande kilikuwa kifupi: daktari wa kike anamweleza mume kwamba mkewe hakupona. Mume nilikuwa mimi. Waliingia wasichana waliohitimu sanaa za maonyesho, wenye sauti nzuri na matamshi safi, na karibu wote waliyasema maneno yale wakiwa wamesimama, machozi yakiwa tayari machoni. Kisha akaja mama mmoja wa makamo ambaye wasifu wake haukujaza hata nusu ukurasa. Kabla hajafungua mdomo alivuta kiti akaniwekea, akasubiri nikae, naye akakaa. Akaniambia habari ile kwa maneno yaleyale ya skripti, bila chozi, halafu akanyamaza na kubaki pale pale akinitazama. Nilikuwa nimeshaambiwa kifo hicho tangu asubuhi, lakini mbele yake nilishindwa kusoma mstari uliofuata. Tulipomaliza nikamuuliza alijifunza wapi. Akasema alikuwa muuguzi wa wodi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na kwamba mtu hapewi habari ya msiba akiwa amesimama, maana anaweza kuanguka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma maisha ya waigizaji wa kike kwa jicho jingine. Zamani nilitafuta walipoanza kung'aa. Sasa natafuta kile kipindi ambacho magazeti hukipita kwa sentensi moja.

Chukua wachezaji dansi. Audrey Hepburn alikulia Uholanzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, akaipitia njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, na alipofika London kusomea baleti aliambiwa ukweli mchungu: urefu wake na mwili uliodhoofishwa na vita visingemfikisha kwenye nafasi za juu. Michelle Yeoh alitoka Malaysia kwenda Uingereza kusomea dansi hiyohiyo, uti wa mgongo ukaumia, ndoto ikaishia hapo. Charlize Theron aliondoka Afrika Kusini, akafika New York kwenye shule ya baleti, goti likamkatalia. Wanawake watatu, mabara matatu, na mlango uleule uliofungwa. Hepburn akaingia kwenye maonyesho ya muziki kama mmoja wa wasichana wa safu ya nyuma, na mwaka 1954 akapokea tuzo ya Oscar. Theron naye akapokea yake mwaka 2004. Yeoh alipitia shindano la urembo, akawa Miss Malaysia mwaka 1983, akaingia kwenye filamu za mapigano za Hong Kong alikofanya mwenyewe mambo ya hatari ambayo wengine huwaachia waigizaji mbadala. Oscar yake ilikuja mwaka 2023, akiwa na miaka 60.

Kwa nini wachezaji dansi wengi wanafika? Jibu langu ni la pale chumbani, si la vitabuni. Kamera inadai vitu viwili ambavyo havionekani kwa mtazamaji. Cha kwanza ni alama ya sakafuni. Mwigizaji anatembea huku analia au anagombana, na lazima asimame hasa mahali palipobandikwa utepe, bila kuutazama, la sivyo uso unatoka kwenye ukali wa lenzi au unaingia gizani. Cha pili ni kurudia. Kipande kimoja kinapigwa kutoka mbali, kisha kutoka karibu, kisha kutoka upande wa mwenzake, na kama mara ya kwanza aliinua kikombe kwenye neno fulani, basi lazima akiinue kwenye neno hilohilo kila mara, kwa sababu mhariri ataviunganisha vipande vyote. Msichana aliyefundishwa kuhesabu hatua tangu utotoni hayo ameshayamaliza. Akili yake inabaki huru kwa ajili ya mhusika. Tatizo lake ni jingine kabisa: anasimama vizuri mno. Nimewahi kumwona mchezaji dansi akicheza uhusika wa mfagiaji aliyechoka, na mgongo wake ukamkataa. Uchovu wa kazi alikuwa anaufahamu, ila mwili wake ulikuwa umefundishwa kuuficha.

Kila kazi ina zawadi yake na ugumu wake wa namna hiyo. Wanaotoka jukwaani wana pumzi, wana kumbukumbu, wanajua kulibeba onyesho tangu mwanzo hadi mwisho. Halafu wanakuta filamu haipigwi kwa mpangilio. Inafuata mahali, mwanga, na siku ambazo nyumba fulani imekodishwa, kwa hiyo kilio cha mwisho kinaweza kupigwa siku ya kwanza, kabla hujazoeana hata na anayeitwa mumeo. Jukwaani hisia hupanda kwa saa mbili. Hapa inatakiwa sasa hivi, kisha isubiri taa zihamishwe, kisha itoke tena. Tena inatakiwa iwe ndogo, maana lenzi iko karibu na uso kuliko mtu yeyote aliyekaa ukumbini. Watangazaji wa habari wao hawaogopi kamera hata kidogo, ila wamezoea kuitazama ndani ya jicho, na kwenye tamthilia kosa kubwa ni hilohilo. Smita Patil wa India alitoka kwenye kusoma habari za runinga, na ukitazama filamu zake utaona mwanamke anayejua kamera iko wapi na kuamua kuishi bila kuijali.

Warembo wa mashindano nitawataja kwa ufupi, kwa sababu wamedharauliwa kupita kiasi. Sophia Loren alianza huko, akiwa binti wa familia maskini karibu na Naples, na mwaka 1962 akawa wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji kwa filamu isiyo ya Kiingereza. Halle Berry alianza huko pia. Anayetoka kwenye mashindano ameshazoea kutazamwa na maelfu bila kutetemeka, na hilo si dogo. Kinachobaki ni kumfundisha kuacha kupanga uso wake.

Lakini wanaonigusa zaidi ni wale waliotoka kwenye kazi ambazo hakuna anayezitazama kabisa. Whoopi Goldberg alijenga kwa matofali, na aliwahi kufanya kazi ya kuwapamba marehemu kabla ya mazishi. Cicely Tyson alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya Msalaba Mwekundu. Yalitza Aparicio, kutoka mji wa Tlaxiaco huko Oaxaca nchini Mexico, alikuwa amesomea ualimu wa chekechea na hakuwa na uzoefu wowote wa kuigiza alipochaguliwa kucheza mfanyakazi wa nyumbani. Mwaka 2019 aliwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Watu husema alikuwa na bahati. Mimi nikimtazama namwona mwalimu wa watoto wadogo: namna anavyochuchumaa ili macho yake yalingane na ya mtoto, namna anavyomsikiliza mtoto hadi mwisho. Watoto wale wanamwamini mbele ya kamera, na imani ya mtoto haiigizwi.

Kazi kama hizo zinafundisha kusikiliza. Wengi wanaofeli mbele yangu hawafeli kwenye kusema. Wanafeli wakati ninaposema mimi. Naona macho yao yakienda kwenye mstari wao unaofuata, na wakati huo mhusika anakuwa ameondoka chumbani. Muuguzi, mwalimu wa chekechea, mpokea simu wa huduma kwa wateja, msusi anayesimuliwa maisha ya watu siku nzima, hawa wamelipwa miaka mingi kwa ajili ya kumsikiliza mtu mwingine. Kwenye uhariri, sehemu kubwa ya uzito wa mazungumzo hubebwa na uso wa anayesikiliza. Hapo ndipo wanapowapita waliokariri vizuri.

Kuna njia nyingine ambayo nawashauri wasichana waifikirie bila kuona haya: kuingia kwa mlango wa nyuma ya kamera. Lupita Nyong'o, aliyezaliwa Mexico na kukulia Kenya, alikuwa msaidizi wa uzalishaji kwenye filamu kubwa ya kigeni iliyopigwa Kenya na kutoka mwaka 2005. Akatengeneza filamu yake ya maisha halisi kuhusu watu wenye ualbino, akaigiza kwenye tamthilia ya vijana, akaenda kusomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale na kumaliza mwaka 2012. Mwaka 2014 alikuwa ameshika Oscar. Watu wengi walidhani ametokea ghafla, kumbe alikuwa ameanza kwenye seti za filamu takriban muongo mzima kabla. Octavia Spencer naye alikuwa anafanya kazi kwenye ofisi ya kuchagua waigizaji wa filamu iliyotoka mwaka 1996, akamwomba mwongozaji amruhusu asome sehemu ndogo, akapewa uhusika wa muuguzi. Oscar yake ilifika mwaka 2012.

Mwanamke aliyewahi kuwa upande huu wa meza namtambua haraka. Anajua kwamba dakika moja ya kuchelewa inawagusa watu wengi waliosimama na vifaa mabegani. Anajua kwa nini mtu wa sauti ameomba kimya. Hakasiriki akiambiwa arudie, kwa sababu anafahamu kwamba mara nyingi kosa ni la taa, si lake. Na akikosa nafasi anaelewa kitu ambacho ningependa kila mmoja akielewe: mara nyingi uamuzi haukuhusu kipaji. Ulihusu sura inayoweza kuwa ya dada wa mwigizaji aliyekwisha kuchaguliwa, au tarehe zilizogongana. Nimeona waliosoma vizuri kuliko wote wakiachwa kwa sababu za namna hiyo, nikatoka nje nikiwa nimevunjika moyo kwa niaba yao.

Hapa ndipo lazima niseme kitu ambacho kinanisumbua. Simulizi hizi za muuguzi aliyegeuka mwigizaji na keshia aliyegeuka nyota zinapendwa sana, na zikisimuliwa ovyo zinaficha jambo. Zinafanya ionekane kana kwamba mateso yalikuwa shule nzuri. Hattie McDaniel, binti wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, alikuwa mwimbaji wa jukwaani kwa miaka mingi, akaja kufanya kazi ya kuhudumu kwenye vyoo vya klabu karibu na Milwaukee. Hata Hollywood, filamu zilipokosekana, alirudi kwenye kazi za majumbani. Mwaka 1940 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata Oscar, na usiku huo huo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu ileile. Mwanamke Mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Katika miaka 51 iliyokuwa katikati, ni wanawake wangapi walikuwa wakipiga chapa, wakifua na kulea watoto wa wengine huku kipaji kikizeeka nao? Tyson mwenyewe, aliyekataa uhusika uliowadhalilisha watu wake, alikaa vipindi virefu bila kazi, na Oscar ya heshima aliipokea mwaka 2018 akiwa na miaka 93.

Viola Davis alikulia Central Falls huko Rhode Island kwenye umaskini mkubwa, akasoma hadi shule ya sanaa za maonyesho ya Juilliard. Alikuwa amemaliza masomo muda mrefu na ana tuzo ya jukwaani ya Tony, lakini kwenye skrini alikuwa akipewa vipande vidogo vidogo. Filamu iliyotoka mwaka 2008 ilimpa muda usiofika dakika kumi, na kwa dakika hizo akaingia kwenye orodha ya wanaowania Oscar. Alipata Oscar mwaka 2017. Nasikia watu wakisifu uvumilivu wake, nami nausifu pia. Ila uvumilivu huo haukuwa sehemu ya mtaala. Walioandika skripti hawakuwa wameandika wanawake kama yeye, basi. Kuna njia inayopinda kwa sababu mtu alipenda kupita huko, na kuna njia inayopinda kwa sababu mtu alizuiwa, na anayesimulia maisha ya wanawake hawa anapaswa kuzitenganisha.

Hili naliona hata kwenye karatasi zinazotufikia kabla ya usaili. Mhusika wa kiume anaelezwa kwa kazi yake na tabia yake: wakili mkali, fundi aliyefiwa. Wa kike anaelezwa kwa umri na sura: miaka 20 hadi 25, mrembo. Mwanamke aliyefanya kazi halisi kwa miaka mingi, mwenye mikono inayojua kitu, huwa ameshavuka umri ulioandikwa pale. Kwa hiyo karatasi inamkataa hata kabla hajafika mlangoni. Nimejifunza kuuliza swali moja kwa waandishi na waongozaji ninaofanya nao kazi: huyu mama ana kazi gani? Mara nyingi hawakuwa wamefikiria. Wakifikiria, umri unabadilika wenyewe. Mhusika aliyekuwa "mama wa bwana harusi" akawa mkaguzi wa hesabu, na ghafla akapata kitu cha kufanya kwenye kila kipande alichomo.

Youn Yuh-jung wa Korea Kusini ndiye ninayemkumbuka pale ninapoambiwa kwamba fulani amepitwa na wakati. Alikuwa nyota kijana mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaolewa, akahamia Marekani, akaacha uigizaji, na huko aliwahi kuwa keshia. Alirudi nyumbani, na ndoa ikavunjika. Akabaki na watoto wawili wa kiume wa kulea, katika jamii iliyomtazama vibaya mwanamke aliyeachika, akakubali kila uhusika aliopewa, mdogo kwa mkubwa, kwa sababu watoto walihitaji kula. Mwaka 2021, akiwa na miaka 73, akawa Mkorea wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji. Nimetazama kazi zake nyingi za miaka ya katikati, zile ambazo hakuna aliyezipigia makofi nje ya nchi yake. Hamna hata moja aliyoifanya kwa kuidharau.

Wengine walikuwa na maisha mawili kwa wakati mmoja. Hedy Lamarr, mzaliwa wa Vienna, alikuwa kwenye kilele cha umaarufu wake mwaka 1942 alipopewa hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, kwa njia ya kurusha mawimbi ya redio yanayorukaruka kati ya masafa ili adui asiweze kuyaziba. Dunia iliendelea kuandika kuhusu uso wake. Mayim Bialik aliigiza tangu utotoni, akasoma hadi udaktari wa sayansi ya neva mwaka 2007, kisha akarudi kwenye runinga na kucheza mwanasayansi wa neva. Shirley Temple, mtoto aliyependwa kuliko wote katika filamu za miaka ya 1930, alikuja kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana na baadaye Czechoslovakia. Wazazi wanaoniletea watoto wao kwenye usaili huniuliza mtoto atafika wapi. Nawaambia wahakikishe kwanza anaendelea na shule, kwa sababu mtoto anayejua kitu kingine anaweza kukataa kazi mbaya, na anayeweza kukataa ndiye anayebaki salama.

Na ni vizuri kukumbuka kwamba hata kuruhusiwa kulikuwa safari. India ilipotengeneza filamu yake ndefu ya kwanza mwaka 1913, uhusika wa malkia ulichezwa na mwanamume aliyekuwa mpishi wa mgahawa, kwa kuwa hakupatikana mwanamke aliyekubali. Mwaka huohuo, kwenye filamu iliyofuata, Durgabai Kamat akasimama mbele ya kamera pamoja na binti yake Kamlabai, akibeba lawama zote za wakati ule. Mama na mtoto, siku za mwanzo kabisa.

Siku hizi, mwanamke akimaliza kusoma nami na tukabaki na dakika, namwomba arudie maneno yaleyale huku mikono yake ikifanya kazi aliyokuwa akiifanya zamani. Fundi cherehani anapitisha nguo ya kufikirika chini ya sindano. Mtu wa benki anahesabu noti. Mabega yanashuka, sauti inarudi mahali pake, na mara nyingi hiyo ndiyo video ninayompelekea mwongozaji. Yule muuguzi alipata nafasi ile ya daktari. Akaigiza misimu miwili, kisha akaacha ili amuuguze mama yake mzazi.

Namba yake bado ninayo, pamoja na za wengine wengi walioondoka. Glenda Jackson, binti wa mwashi wa matofali, aliyeuza dukani kabla ya kusomea uigizaji, alipata Oscar mbili, akaacha yote, akawa mbunge wa Uingereza kuanzia 1992 hadi 2015. Mwaka 2016, akiwa na miaka 80, alirudi jukwaani kucheza Mfalme Lear wa Shakespeare, na mwaka 2018 akapata Tony. Kwa hiyo mwongozaji akiniambia anatafuta mwanamke wa miaka 60 na hampati, huwa naanza na wale walioacha. Nawapigia mmoja mmoja na kuwauliza walichokuwa wakikifanya tangu tulipoachana, na majibu yao nayaandika.